Wanawake katika Mbio Ndefu za Baiskeli

Mwezi wa Mei mwaka 1924, katika mji wa Milan nchini Italia, wapanda baiskeli 90 walianza safari ya kuizunguka nchi yao katika mashindano yaitwayo Giro d'Italia, na mmoja miongoni mwao, aliyeandikwa katika orodha kwa jina lililopunguzwa herufi ya mwisho hata mtu akilisoma asijue kwamba ni la mwanamke, alikuwa Bibi Alfonsina Strada, mwenye umri wa miaka 33. Alizaliwa katika nyumba ya wakulima maskini karibu na Castelfranco Emilia, akajifunza kupanda baiskeli utotoni na kuanza kushindana angali msichana. Na jamaa zake, waliotaraji kwamba ndoa ingemtuliza nyumbani na kumsahaulisha magurudumu, wakamwoza akiwa na miaka 14 kwa Luigi Strada. Lakini mume huyo, kinyume cha matarajio ya wakwe zake, alimtunza bibi arusi wake baiskeli ya mashindano. Katika miaka ya 1917 na 1918, Ulaya ikiwa vitani, Bibi Alfonsina alishindana na wanaume katika mbio za Lombardia, kwa hiyo alipojipanga Milan mwaka 1924 hakuwa mgeni wa kazi ile wala kichekesho cha kuwaburudisha watazamaji.

Kukubaliwa kwake kulikuwa na sababu ambayo yafaa msomaji aijue mapema, maana itarejea mara nyingi katika habari hii. Mwaka huo timu kubwa zilikuwa zimegombana na waandalizi juu ya fedha, zikakataa kuleta wapandaji wao mashuhuri, na gazeti la La Gazzetta dello Sport, lenye mashindano hayo, likahitaji jambo la kuwavuta watu barabarani. Ndipo mlango uliobishwa na Bibi Alfonsina ulipofunguliwa. Mbele yake zilikuwako hatua 12 zenye jumla ya kilomita 3,613, juu ya barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami, zenye vumbi na mawe wakati wa jua na tope wakati wa mvua, kwa baiskeli za siku zile ambazo zilikuwa nzito na hazikuwa na gia nyepesi za leo. Katika hatua ya kutoka L'Aquila kwenda Perugia ilipiga dhoruba kali, akaanguka, usukani wake ukavunjika, naye badala ya kuketi kando ya njia alifunga kipande cha mpini wa ufagio mahali palipovunjika akaendelea, hata akafika baada ya muda uliowekwa kupita. Sheria ilitaka atolewe. Mkurugenzi wa gazeti, Emilio Colombo, aliyekwisha kuona jinsi watu wa kila mji walivyosimama kumngoja mwanamke huyu, alimruhusu aendelee nje ya hesabu. Akafika Milan akiwa ameupiga mwendo wote, ilhali wanaume waliomaliza katika hesabu walikuwa 30 tu. Miaka iliyofuata aliomba tena kushiriki, akakataliwa.

Nimeitanguliza habari ya Bibi Alfonsina kwa sababu yamo ndani yake karibu mambo yote yaliyowasibu wanawake katika mchezo huu kwa muda wa miaka mia. Uwezo ulikuwako, ghera ilikuwako, na watazamaji walikuwako, lakini nafasi ya mwanamke ilitegemea kujaa na kupwa kwa mifuko ya watu wengine, na juhudi yake iliandikwa nje ya hesabu. Rai yangu, nami naishika kwa yakini, ni kwamba mwanamke hakuzuiwa na udhaifu wa miguu yake wala ufupi wa pumzi zake. Alizuiwa na mpango wa ijara, wa timu na wa matangazo, na kila mara mpango huo ulipotengenezwa, ijapokuwa kwa kiasi kidogo, matokeo yake yalionekana barabarani bila ya kukawia.

Wala si kweli kwamba wanawake walichelewa kuupenda mchezo. Tarehe 1 Novemba 1868, mjini Bordeaux nchini Ufaransa, wanawake wanne walishindana kwa baiskeli mbele ya umati mkubwa, na mwaka uliofuata, katika mbio za kutoka Paris kwenda Rouen, zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa mbio za kwanza kabisa za kutoka mji hadi mji, alikuwamo mwanamke aliyejiita Miss America, akamaliza akiwa wa 29. Baadaye matabibu wengi wa karne ile walitoa maonyo: kwamba baiskeli ingeharibu uzazi wa mwanamke, ingemkunja uso, ingemwondolea haya. Maonyo hayo hayakusimama mbele ya ushahidi, lakini yalitosha kuwapa hoja waliotaka kuufunga mlango. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, lijulikanalo kwa herufi zake UCI, liliundwa mwaka 1900, na wanawake walipata mbio zao za kwanza za ubingwa wa dunia barabarani mwaka 1958, mjini Reims, ambako Bibi Elsy Jacobs wa Luxembourg alitwaa taji. Katika Michezo ya Olimpiki wanaume walishindana barabarani tangu ile ya Athens ya mwaka 1896. Wanawake walisubiri hadi Los Angeles mwaka 1984, aliposhinda Bibi Connie Carpenter-Phinney wa Marekani kwa tofauti iliyopungua nusu ya gurudumu.

Kabla ya kueleza namna mbio hizi zinavyokwenda, nataka nimtaje mwanamke mmoja wa Uingereza ambaye, mtu akitaka kubishana juu ya nguvu za wanawake, habari yake yatosha kuumaliza ubishi. Bibi Beryl Burton wa Yorkshire alikuwa mke na mama, aliyefanya kazi ya sulubu katika shamba la mboga, na hakuwa mlipwaji wa mchezo hata siku moja. Alikuwa bingwa wa dunia barabarani mwaka 1960 na tena mwaka 1967. Mwezi wa Septemba mwaka huo wa 1967 aliingia katika mbio za saa 12, ambazo ndani yake kila mtu hupanda peke yake na kuhesabiwa umbali aliokwenda, akiwa ameachiwa nyuma ya wanaume. Akawapita mmoja mmoja, hata akamfikia Mike McNamara, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akivunja rekodi ya wanaume ya nchi. Na alipokuwa akimpita alimpa peremende, akaendelea na safari yake. Saa zilipokwisha Bwana McNamara alikuwa amekwenda maili 276.52 na Bibi Burton maili 277.25, yaani zaidi ya kilomita 446, na ilipita miaka miwili kabla ya mwanamume yeyote wa Uingereza kuifikia hesabu ya mwanamke huyo. Rekodi yake kati ya wanawake ilidumu kwa miaka 50.

Lakini mbio za saa ni mbio za mtu na nafsi yake, ilhali mbio za barabarani ni jambo jingine, na hapo ndipo penye siri ambayo asiyeijua hataelewa kwa nini fedha zina nguvu kubwa hivi juu ya mchezo. Adui wa kwanza wa mpanda baiskeli ni upepo anaouzusha mwenyewe kwa mwendo wake. Anayetangulia huupasua kwa kifua chake, na anayemfuata karibu, gurudumu nyuma ya gurudumu, hujistiri kama mtu aliyesimama nyuma ya ukuta, akaokoa hata theluthi ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo sababu washindani mia au mia na nusu huenda pamoja katika kundi moja kwa muda mrefu, jambo ambalo humshangaza mtazamaji mgeni, anayedhani kwamba hawashindani. Wanashindana sana, ila kwa hesabu na kwa subira. Kila timu, aghalabu ya wanawake sita au saba, ina mmoja ambaye wote wanamtumikia: huyu humkinga upepo, yule hurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua maji na kuyasambaza, mwingine hutoa gurudumu lake mwenyewe kiongozi akipata pancha, mwingine huwafuatia wapinzani wanaochomoka ili wasipate kwenda mbali. Wengi wa wanawake hawa humaliza mbio wakiwa nyuma, miguu imekwisha, majina yao hayasomwi, na bila ya wao hapana mshindi. Basi, mwanamke mwenye kipaji asiye na timu ni mtu anayepigana na jeshi peke yake. Na timu haisimami bila ya mishahara, magari, mafundi, madaktari na nauli. Kumnyima mwanamke hayo, hata kama hapana sheria iliyoandikwa ya kumkataza kushindana, ni kumfungia barabara.

Kwa bahati njema tarikhi imetuonyesha mara moja jambo lililo nadra, la mtu asiye na timu kulishinda kundi zima. Katika Olimpiki ya Tokyo, tarehe 25 Julai 2021, Bibi Anna Kiesenhofer wa Austria, mwenye shahada ya udaktari katika hisabati, aliyekuwa akifundisha na kufanya utafiti huko Lausanne na asiyekuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa, alichomoka pamoja na wenzake wachache mara tu mbio za kilomita 137 zilipoanza. Nyuma yao Waholanzi, waliokuwa na wapandaji bora kupita taifa lolote, hawakushtuka. Katika Olimpiki washindani hawaruhusiwi redio za masikioni ambazo kwazo makocha huwapasha habari, na wale wenzake wawili wa mwisho walipofikiwa, yeye akiwa amekwisha kuwaacha, wengi walidhani kwamba hapana tena aliye mbele. Bibi Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari akiinua mikono kwa furaha ya dhahabu, kisha akaambiwa kwamba Bibi Kiesenhofer alikwisha kufika zaidi ya dakika moja kabla yake. Mshindi huyo alikuwa ameyafanya mwenyewe mahesabu yake ya chakula, ya joto na ya mwendo. Naipenda habari hii, lakini sipendi itumiwe kuwa hoja kwamba timu na mshahara si kitu. Ni mlango uliofunguka siku moja kwa sababu ya kughafilika kwa wengi, na watu hawawezi kujenga maisha yao juu ya mighafala ya wengine.

Turudi kwenye fedha. Kwa miaka mingi mambo yalizunguka hivi: mbio za wanawake hazikuonyeshwa katika televisheni, na kwa kuwa hazikuonyeshwa wafanyabiashara hawakuona faida ya kuweka majina yao juu ya jezi, kwa kuwa hapakuwa na wafadhili hapakuwa na mishahara, kwa kuwa hapakuwa na mishahara wanawake walifanya kazi za ofisini, za hospitalini na za madukani mchana, wakajizoeza alfajiri na usiku, kisha wakaambiwa kwamba mbio zao hazistahili kuonyeshwa kwa sababu hawajafikia kiwango cha wanaume. Mwaka 1984 ilionekana kana kwamba duara hilo limekatwa, kwa maana waandalizi wa Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli, walianzisha ya wanawake ya hatua 18, yaliyopita siku zile zile katika barabara zile zile saa chache kabla ya wanaume. Bibi Marianne Martin wa Marekani alishinda, akasimama Paris pamoja na mshindi wa wanaume, Laurent Fignon, na zawadi yake ya fedha ilikuwa kiasi cha dola 1,000. Baada ya mwaka 1989 waandalizi walijitoa. Mbio nyingine ziliandaliwa na watu wengine kwa majina mengine, zikipungua siku na fedha mwaka hata mwaka, hadi mwaka 2009 zilipokatika kabisa. Kizazi kizima cha wasichana wa Ufaransa kilikua bila ya kuwaona wanawake wakipita mbele ya nyumba zao katika mashindano yanayopendwa kuliko yote nchini mwao.

Kilichoyarejesha si hisani. Mwaka 2013 wanariadha wanne, nao ni Kathryn Bertine, Emma Pooley, Marianne Vos na Chrissie Wellington, waliandika ombi la kutaka wanawake warudishwe katika Tour, na watu karibu 100,000 wakatia saini. Mwaka uliofuata walipewa mbio za siku moja mjini Paris, akashinda Marianne Vos mwenyewe. Mwaka 2016 UCI iliunda mfululizo wa mbio za daraja la juu za wanawake, na tangu mwaka 2020 ikawataka waandalizi wa mbio hizo waonyeshe katika televisheni angalau dakika 45 za mwendo wenyewe. Sharti hilo la dakika 45 laweza kuonekana dogo, lakini kwangu mimi ndilo lililokata duara. Mtu hawezi kuupenda mchezo asiouona.

Tarehe 2 Oktoba 2021 wanawake walishindana kwa mara ya kwanza katika Paris–Roubaix, mbio za wanaume zilizoanza mwaka 1896, ambazo hupita juu ya mawe ya kale yaliyotandazwa mashambani, yanayotikisa mwili hata mifupa ikauma. Bibi Lizzie Deignan wa Uingereza alichomoka zaidi ya kilomita 80 kabla ya mwisho, katika mvua na tope, akaenda peke yake mpaka Roubaix, na alipoinua baiskeli yake juu watu waliona usukani umelowa damu ya viganja vyake. Zawadi yake kwa ushindi ule ilikuwa euro 1,535, na ya mwanamume aliyeshinda siku ya pili ilikuwa euro 30,000. Timu yake iliona haya kwa niaba ya mchezo wote, ikamwongezea kilichopungua. Mwaka uliofuata, 2022, Tour de France ya wanawake ilianza upya mjini Paris, hatua nane, chini ya uongozi wa Bibi Marion Rousse, aliyekuwa bingwa wa Ufaransa; Annemiek van Vleuten yule yule wa Tokyo akashinda, na zawadi ya mshindi ikawa euro 50,000, nayo ni sehemu ya kumi ya ile ya mwanamume. Mwaka 2024, baada ya siku nyingi za mashindano yaliyoishia juu ya mlima wa Alpe d'Huez, Bibi Kasia Niewiadoma wa Poland alimshinda Demi Vollering wa Uholanzi kwa sekunde nne tu. Wale waliosema kwamba mbio za wanawake hazina msisimko walinyamazishwa na saa.

Kuhusu mishahara, mwaka 2017 wapandaji wenyewe waliunda chama cha kutetea haki zao, na mwaka 2020 UCI iliweka kwa mara ya kwanza kima cha chini kwa timu za daraja la juu: euro 15,000 kwa mwaka, kikapanda hatua kwa hatua hata kikawa 38,000 mwaka 2025. Jambo jingine lililowekwa, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko hata hesabu ya fedha, ni likizo ya uzazi yenye malipo, miezi mitatu kwa mshahara kamili na miezi mingine mitano kwa nusu. Zamani mimba ilikuwa mwisho wa kazi. Mwanamke alilazimika kuchagua kati ya mtoto na baiskeli, na wengi waliiacha baiskeli wakiwa katika kilele cha nguvu zao. Bibi Deignan, niliyemtaja hapo juu, alijifungua mwaka 2018, na ushindi wake wa Roubaix aliupata akiwa mama wa mtoto wa miaka mitatu. Hata hivyo kima hicho cha chini hakizigusi timu zote. Chini ya madaraja ya juu wako wanawake wanaopanda kwa posho, au kwa baiskeli na jezi tu, wala hawana bima ya maana, na humo ndimo aghalabu wanamoanzia wasichana wa nchi maskini.

Habari za bara letu katika mchezo huu si ndefu, lakini zinakwenda mbio. Mwaka 2015, katika ubingwa wa dunia mjini Richmond nchini Marekani, Bibi Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kushindana katika mbio hizo. Alijizoeza katika nchi ya vilima ambako baiskeli ilikuwa chombo cha wanaume cha kubebea viazi, maziwa na abiria, na ambako msichana juu ya baiskeli alitazamwa kuwa amepotoka. Baada yake walikuja Diane Ingabire na Xaverine Nirere, na baadhi ya Wanyarwanda hao wakapata nafasi katika timu za Ulaya za kulea vipaji. Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wapanda milima hodari duniani. Kisha akatokea Kimberley Le Court wa Mauritius, mtoto wa visiwa vya Bahari ya Hindi kama walivyo wasomaji wengi wa lugha hii, aliyekuwa ameiacha barabara kwa miaka kadhaa akishindana katika njia za milimani, akarudi mwaka 2024; na tarehe 27 Aprili 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège, moja ya mbio kongwe na zenye heshima kubwa kabisa, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akavaa jezi ya manjano ya anayeongoza Tour de France, ambayo hakuna mwanamke wa Kiafrika aliyewahi kuivaa kabla yake.

Na mwaka huo ndio ambao ubingwa wa dunia ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, mwezi wa Septemba. Siku ya Jumamosi tarehe 27 wanawake walizunguka mji kwa kilomita 164.6, katika hewa nyepesi ya mita kama 1,500 juu ya bahari, wakipanda kila mzunguko kilima cha uwanja wa gofu na kisha kile cha Kimihurura chenye mawe ya kutandazwa, huku watu wamejaa pande zote mbili za barabara, juu ya kuta na katika madirisha. Katika ubingwa wa dunia wapandaji huvaa jezi za mataifa yao, wala si za timu zinazowalipa, na kwa hiyo waliokuwa marafiki kwa mwaka mzima hugeuka wapinzani kwa siku moja. Wale waliotabiriwa ushindi walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajichoshe kwa kuwafuatia waliochomoka, na walipokata shauri wakati ulikuwa umekwisha pita. Bibi Magdeleine Vallieres wa Canada, mwenye miaka 24, ambaye watu wachache walikuwa wamelitaja jina lake asubuhi ile, aliwaacha wenzake wawili wa mwisho, Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania, katika mpando wa mwisho wa Kimihurura, akawa bingwa wa dunia. Katika juma hilo hilo wasichana walio chini ya umri wa miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza, ilhali miaka ya nyuma walihesabiwa ndani ya mbio za wakubwa.

Yanayomzuia msichana wa Afrika Mashariki asifike alikofika Bibi Le Court yanajulikana. Mbio zinazolipa ziko Ulaya, na safari ya Ulaya huanzia katika dirisha la ubalozi, ambapo visa hucheleweshwa au kukataliwa hata mbio zikapita. Baiskeli moja ya mashindano ya daraja la juu yaweza kuuzwa kwa zaidi ya euro 10,000, na vipuri vyake havipatikani katika karakana ya mtaani. Katika mashindano yetu mengi ya mikoa wanawake hupewa mwendo mfupi na zawadi ndogo, na pengine huanzishwa bila ya kutangazwa. Tena kuna suala la staha, nami silidharau, kwa sababu wazazi wengi wa pwani na wa bara hulitaja kwa nia njema. Lakini staha haina ugomvi na siha wala na riziki ya halali, na mavazi yaweza kutengenezwa kwa namna ya kumridhisha mwenyewe na jamaa zake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 wanawake wa Afghanistan, waliokimbia nchi ambayo ilikuwa imewakataza michezo, walikutana Aigle nchini Uswisi kushindania ubingwa wa taifa lao, akashinda Fariba Hashimi, na dada yake Yulduz akawa wa pili. Wanawake hao hawakuikimbia dini yao, walikikimbia kifungo.

Basi, kwa vyama vya baiskeli vya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, nina ombi ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila mnapoandaa mbio za wanaume, andaeni na za wanawake siku ile ile, katika barabara ile ile iliyofungwa, kwa zawadi iliyo sawa, na mtangazaji aliyeitwa kuwatangaza wanaume aitwe saa moja mapema. Walimu wa shule, waacheni wasichana wapande baiskeli za shule kama wavulana wanavyozipanda. Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, binti akiomba baiskeli msimwulize ataipanda kwenda wapi kabla ya kumuuliza kaka yake swali hilo hilo. Mnunulieni, mfundisheni breki na sheria za barabara, kisha mwacheni apande.